Vidole Sita vya Chini

Tarehe 3 Februari

Mke wangu mdogo,

Mimi mzima, magoti ndiyo yananipigia kelele, lakini nimeyaambia yanyamaze. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe, simuagizi mtu. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nilikuwa wa kwanza, kwa hiyo ukikuta herufi imelala ujue ni kalamu, siyo mimi.

Jana wamekuja watu wawili wa ofisi yenu ya vipimo, viatu vinang'aa kama sahani. Wakaingia kwenye banda la jenereta la hospitali bila hata hodi. Nilikuwa nimekaa na Redio. Unamkumbuka Redio, mume wa marehemu dada yangu, mtunza jenereta, tunamwita hivyo kwa sababu maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kisanduku cha kibiriti. Basi wakauchomoa ufito wangu wa kupimia kwenye tangi la dizeli, wakautazama kama mtu anayetazama mswaki wa mwenzake. Mmoja akauliza, "Hizi alama nani kazichonga?" Redio akaninyooshea kidole tu. Nikasema, "Mimi. Tangi nimelichomelea mimi, ufito nimeuchonga mimi kwa tupa. Miaka kumi na tisa haujakosea hata kijiko. Wewe wakati huo ulikuwa unanyonya."

Akasema siku hizi kila tangi la hospitali lazima liwe na jedwali lililotoka kwenye kompyuta, la kubandikwa ukutani. Unachovya fimbo, unasoma dizeli imefika vidole vingapi vya kina, unaangalia ukutani ni lita ngapi. Ufito wa mzee utabaki kama kumbukumbu. Kumbukumbu! Kwani nimekufa? Nikamuuliza hiyo kompyuta imewahi kuingia ndani ya tangi? Mimi nimeingia, nimetoka na nyusi zimeungua.

Kisha wakasema hesabu itafanywa na mhandisi mmoja msichana, na kwa maelezo yao nikajua ni wewe. Nikavimba mpaka vifungo vya shati vikalalamika. Nikawaambia huyo ni mke wangu. Walinitazama vibaya sana, ikabidi Redio afungue mdomo: "Mjukuu wake." Hayo ndiyo maneno yake ya mwezi huu, usitegemee mengine.

Sasa nakuonya mapema. Fanya hesabu zako, lakini ukifika mwisho utakuta mimi nimekaa pale nakusubiri.

Ni mimi mumeo, fundi mkuu wa matangi, ambaye tangi lake halijawahi kuvuja.


Tarehe 17 Februari

Mume wangu mzee,

Magoti yako usiyanyamazishe, yapeleke kwa daktari. Hospitali unashinda hapo hapo kila siku, kinachokushinda ni kutembea hatua hamsini kutoka bandani?

Vipimo vya tangi lako vimenifikia na nimevifanyia kazi wiki nzima. Umenitesa. Tangi lingekuwa kama pipa la kawaida lililolala, ningemaliza kabla chai haijapoa. Lakini wewe ukalivimbisha ncha zote mbili kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, na juu ya hayo msingi umezama upande mmoja, tangi limeinama kidogo sana, hata nusu ya kidole halifiki. Kwa hiyo inabidi kulikata kwa akili vipande vyembamba visivyo na idadi na kuvijumlisha vyote. Sisi tunaita intigrali. Programu ya kompyuta inafanya hiyo kazi, imenipa kanuni yenye urefu wa kurasa mbili.

Kuanzia kidole cha saba kwenda juu, namba zake na alama za ufito wako zinapishana kwa lita mbili tatu tu. Sikutaka kukuambia kwa sababu kofia zako zote zitakubana.

Ila chini, kwenye vidole sita vya mwanzo, kompyuta inaweweseka. Kidole kimoja inasema kuna lita arobaini na moja pungufu ya sifuri. Vidole viwili, lita mia na kumi na nane. Vidole vitatu, lita saba. Haijaharibika, Babu. Ni kwamba ile kanuni inachukua namba kubwa mno, inaitoa kwenye namba nyingine kubwa mno inayokaribia kulingana nayo, na kinachobaki ndilo jibu. Na kompyuta haishiki tarakimu zote, za mwisho inazikata. Ni kama utake kujua unene wa rangi uliyopaka mlangoni kwa kupima barabara nzima kutoka mjini mpaka mlangoni, mara moja kabla ya kupaka na mara moja baada ya kupaka, halafu utoe. Ukikosea kidogo tu barabarani, rangi imepotea.

Dawa ipo, kuiambia itunze tarakimu nyingi zaidi na kuipanga kanuni upya, lakini inataka wiki nzima, na mkuu wangu anataka majedwali arobaini kabla ya katikati ya mwezi ujao. Anapita nyuma ya kiti changu kila saa.

Wewe ulipima vipi vidole hivyo sita vya chini? Kama ulimimina na kupima kweli, namba zako ni bora kuliko hizi zangu. Nitumie.

Mkeo mwenye kazi nyingi.


Tarehe 23 Februari

Mke wangu mdogo,

Pungufu ya sifuri! Nimemsomea Redio mara tatu. Kwa hiyo ukiwa na kidole kimoja cha dizeli, tangi lina upungufu wa dizeli ambayo hata haijazaliwa. Redio amecheka kwa sauti, nesi mmoja akatoka nje kuangalia kuna nini.

Nilikuambia nitakuwa nimekaa nakusubiri. Nipo.

Andika basi, na uandike vizuri, maana hizi zimetoka kwa mtu siyo kwa kisanduku. Kidole cha kwanza lita thelathini. Viwili, sitini. Vitatu, tisini. Vinne, mia na ishirini. Vitano, mia na hamsini. Vidole sita, mia na themanini. Umeona zilivyopangika? Hakuna cha kuweweseka hapo.

Na umeuliza nilipima vipi. Nilipima kikombe kwa kikombe. Nilipiga magoti kwenye saruji ya lile banda tangu jua linachomoza, namimina kikombe, nachovya ufito, naangalia, nachonga. Haya magoti yanayonisumbua unadhani niliyapata wapi? Leo hii hakuna fundi wa kufanya hivyo. Wa siku hizi akimimina ndoo moja anakwenda kupumzika.

Huyo mkuu wako anayepita nyuma ya kiti, mwambie namba hizi zimetoka kwa babu, asimame mbele ya kiti kama mtu.

Mumeo, kikombe kwa kikombe.


Tarehe 2 Machi

Babu,

Nimezipokea, asante. Nina swali moja, usinikasirikie.

Namba zako zinapanda sawasawa, thelathini, thelathini, kama ngazi. Lakini chini ya tangi ni tumbo la mviringo. Pale chini kabisa ni pembamba, kidole cha kwanza lazima kibebe kidogo, cha pili kizidi, cha tatu kizidi zaidi. Haiwezekani vyote vilingane. Nimejaribu kujiambia labda ni kwa sababu ya kuinama, labda ni yale mashavu. Sijaridhika.

Una hakika ulipima kila kidole? Kama hukupima hivyo, hakuna ubaya wowote, miaka kumi na tisa ni mingi. Niambie tu, nitamuomba mkuu wiki moja nifanye upya. Atanifokea, nimezoea.

Mkeo.


Tarehe 9 Machi

Mjukuu,

Sikujua kama nimesomesha polisi.

Nani alikufundisha kuhesabu? Siyo mwalimu wako. Ulikaa kwenye karakana yangu, miguu haifiki chini, ukahesabu misumari yangu ya kichwa kipana mpaka mia, na ukikosea nilikuwa naimwaga yote uanze tena. Leo unaniuliza kama nina hakika. Kompyuta yako ikisema pungufu ya sifuri unaieleza kwa upole, mara barabara, mara rangi ya mlango, kama mtu anayemtetea mume mlevi. Babu yako akisema thelathini, unamwambia haiwezekani.

Nimechomelea matangi ishirini na sita. La kwanza lipo mpaka leo linawanywesha watu maji. Mganga mkuu mwenyewe aliwaleta wageni waje kuniona nikikabidhi hilo tangi la hospitali, walinipigia makofi. Wewe umeona makofi mangapi?

Nakula kiapo kwa kaburi la bibi yako, nilipima kila kidole. Umesikia? Usiniulize mara ya pili. Ukiniuliza mara ya pili nitajua unaniita mwongo, na ukiniita mwongo usije hapa msibani kwangu.

Babu.


Tarehe 14 Machi

Babu,

Namba zako sita nimeziingiza kama zilivyo. Jedwali limegongwa mhuri leo asubuhi na kutumwa hospitalini. Halitaji zimetoka wapi, majedwali huwa hayasemi.

Nisamehe kwa kukuuliza.

Mjukuu wako.


Tarehe 20 Juni

Mjukuu wangu,

Najua hatujaandikiana tangu yale ya Machi. Mimi sikuwa na la kusema na wewe vile vile. Sasa lipo.

Jumanne iliyopita umeme ulikatika saa nane mchana. Redio akawasha jenereta. Dizeli ilikuwa imeshuka sana, lori la kuleta nyingine lilikuwa njiani, dereva amepiga simu, ndani ya saa mbili na nusu atakuwa ameingia. Redio akachovya. Vidole viwili. Daktari wa upasuaji akaja mwenyewe mpaka bandani, na glavu mkononi, akamuuliza, "Una dizeli ya saa ngapi?" Redio akasema, "Saa tatu." Maana jenereta lile linakula lita ishirini kwa saa, na vidole viwili ni lita sitini, hata mtoto anajua. Daktari akarudi ndani, akaanza kumpasua mama mmoja mshona nguo, ana cherehani yake pale mkabala na lango la hospitali. Redio kila siku akipita anampungia mkono.

Jenereta lilikata baada ya saa moja na dakika arobaini. Hakuna taa, hakuna mashine ya hewa. Nesi aliyekuwa ndani alisema walimulika kwa simu tatu na daktari anapampu hewa kwa mkono. Lori lilikuja kwa saa yake, kama dereva alivyosema. Mama hakulisubiri.

Redio amesimamishwa kazi. Wanasema hakuchovya, alikisia, alikuwa amelala. Kamati inakaa tarehe kumi na moja Julai, na baada ya kamati ni polisi. Na yeye hajitetei, unamjua. Amekaa kwangu siku nne, anakula, anaosha sahani, anatazama ukuta.

Sasa sikiliza. Andika karatasi moja kwa kamati. Sema kompyuta yenu ilikosea. Lile jambo la kukata tarakimu, waeleze kama ulivyonieleza mimi, mimi nilielewa na darasa langu la tatu, watashindwaje wao? Pungufu ya sifuri, vidole viwili mia na kumi na nane, yote waandikie. Kosa la mashine siyo la mtu, hakuna wa kufungwa. Redio atarudi bandani kwake.

Ni karatasi moja tu. Usichelewe.

Babu yako.


Tarehe 26 Juni

Babu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini, kwenye sakafu ya ofisi, watu wakinitazama.

Umeandika mwenyewe: vidole viwili ni lita sitini, hata mtoto anajua. Hiyo sitini haikutoka kwenye kompyuta. Kompyuta ilisema mia na kumi na nane, na mimi nilijua ni upuuzi, nikaitupa. Mle ndani ya jedwali, kwenye vidole sita vya chini, hakuna hata tarakimu moja ya kompyuta. Zote ni zako.

Nimefanya sasa ile kazi ya wiki moja. Nimeifanya kwa siku tatu, nimepanga kanuni upya, nimeiambia programu itunze tarakimu hamsini. Inasema hivi, na safari hii haiweweseki: kidole kimoja lita kumi na mbili. Viwili, thelathini na nne. Vitatu, sitini na tatu. Vinne, tisini na saba. Vitano, mia na thelathini na saba. Sita, mia na themanini. Gawa thelathini na nne kwa ishirini utapata saa moja na dakika arobaini na mbili.

Umeona cha sita? Umepatia, barabara kabisa, mia na themanini. Ndipo nilipojua ulichofanya. Ulimimina ndoo tisa za lita ishirini kwa mpigo, ukaweka alama moja, kisha ile nafasi ukaigawanya kwa sita. Hukupima kikombe hata kimoja.

Sikuandikii ili nikutukane. Mimi niliiona ile ngazi. Nimesoma miaka minne kujua kwamba tumbo la mviringo halipandi kama ngazi. Nilijua, Babu, nikakuogopa wewe kuliko nilivyoogopa kukosea. Hilo ni langu na nimekwisha kulisema. Nimemwambia mkuu wangu, nimeiandikia kamati kwamba namba sita ziliingizwa kutoka nje. Nimesimamishwa tangu jana. Lakini ofisi imewajibu kamati kwamba kompyuta imekaguliwa, jedwali lina mhuri, na mhandisi amechanganyikiwa kwa sababu mtuhumiwa ni jamaa yake. Wanasema kama namba zilitoka nje, aje huyo aliyepima.

Aliyepima ni wewe. Karatasi moja, ulisema. Iandike wewe.

Mjukuu wako.


Tarehe 1 Julai

Mjukuu,

Nimeipata barua. Macho yananisumbua, nimeisoma kwa siku mbili.

Siku ile mganga mkuu alisema ataleta wageni saa nne. Nilikuwa nimeanza kwa kikombe, kweli nilianza, nilikuwa nimepiga magoti na kikombe mkononi, nikasikia viatu vyao vinakuja kwenye kokoto. Watu wazima wenye suti. Na mimi niko chini, matako juu, nina kikombe cha bati kama mtoto anayecheza matope. Nikasimama. Nikachukua ndoo. Ndoo ndiyo kazi ya mwanamume, inamwagika, inapiga kelele, watu wanaona. Walipofika nilikuwa namimina ya kwanza. Walipiga makofi, hilo sikukudanganya.

Nilisema nitarudi nipime vya chini. Kesho yake nikasema kesho. Halafu nikaona hakuna haja, tangi la hospitali haliachwi lishuke mpaka huko. Na kweli halikushuka, miaka kumi na tisa.

Sasa unataka niende mbele ya kamati niseme hayo? Mimi nina miaka sabini na nane. Sina nyumba ya maana, sina ng'ombe, nina jina tu. Nikipita sokoni watu wanasema yule ndiye fundi. Acha nife nalo. Redio ana moyo wa chuma, atavumilia. Wewe una elimu, utapata kazi nyingine.

Kompyuta haina jina la kuchafuliwa. Waambie ni kompyuta.

Babu yako.


Tarehe 5 Julai

Babu,

Yule mama naye alikuwa na jina. Wewe mwenyewe hukuliandika, uliandika mshona nguo.

Sitakuandikia tena mpaka kamati ipite.


Tarehe 12 Julai

Mjukuu wangu,

Nilikwenda.

Nilivaa shati langu jeupe. Redio sikumwambia ninachokwenda kusema. Kamati walikuwa watano kwenye meza ndefu, mganga mkuu katikati, ni yule yule, sasa ana mvi. Walianza na Redio. "Ulichovya au hukuchovya?" Akasema alichovya. "Ulisoma nini?" Akasema, "Vidole viwili. Saa tatu." Wakamwambia ahaa, jedwali linasema vidole viwili ni lita sitini, saa tatu, kwa hiyo kama ungekuwa umechovya kweli jenereta lingekwenda saa tatu. Hukuchovya. Yeye akatazama mikono yake.

Nikasimama bila kuitwa. Nikasema yote. Ndoo tisa, suti, kokoto, kikombe, kugawanya kwa sita. Nikawaambia jedwali lina kosa na kosa ni langu. Nilisema na ile ya kaburi la bibi yako, ingawa haikuwahusu.

Wakatazamana. Mganga mkuu akatabasamu, mjukuu wangu, alinitabasamia kwa huruma, ningependa angenitukana. Akasema, "Mzee wangu, keti. Kila mwezi unakuja mlangoni kwangu kuniambia ufito wako haujakosea hata kijiko. Unapita wodini unawaambia wagonjwa. Mwezi wa tatu ulinizuia nisiingie kwenye gari mpaka nikusikilize kwamba hata kompyuta imeshindwa na wewe. Leo unasema ulikosea?"

Mwanamke mmoja pembeni, mwenye miwani, akauliza, "Mhandisi aliyeandaa jedwali ni nani kwako?" Nikasema mjukuu. "Na huyu mtunza jenereta?" Nikasema shemeji. Akaandika. Nikamwambia, "Mama, usiandike undugu, andika ndoo." Watu wakacheka. Nilisema basi twendeni bandani sasa hivi, tumwage tangi, nipige magoti nipime mbele yenu kikombe kwa kikombe. Mganga mkuu akasema hospitali haiwezi kumwaga tangi kwa ajili ya maneno ya mzee, na vipimo ni kazi ya ofisi ya vipimo, na ofisi imekwisha kujibu.

Wamesoma uamuzi hapo hapo. Redio amefukuzwa, jalada linakwenda polisi. Kuhusu mimi wameandika mstari mmoja, nimeomba wanisomee mara mbili ili niushike: maelezo ya jamaa wa mtuhumiwa yamesikilizwa na hayakuzingatiwa. Miaka yote nilipopiga chuku waliniamini.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii.

Tulipotoka tulikaa kwenye ngazi za nje. Nikamwambia, "Shemeji, nimekuua. Mimi na jedwali lile." Kisha akasema, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu amuoe dada yangu: "Jedwali lipi? Ile karatasi ya mtoto iliyoko ukutani? Mimi kusoma sijui. Nilichovya ufito wako. Alama zako nazijua kwa kidole gumba, hata macho sihitaji, na ulinifundisha mwenyewe kila alama ya chini ni saa moja na nusu."

Miaka arobaini nimekaa naye, sikujua. Nilidhani hasomi gazeti kwa sababu hapendi siasa.

Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia kamati hivyo. Akasema wangemuuliza kwa nini hakusoma karatasi ya serikali, na ingebidi aseme kwa nini. Halafu akasema, "Na wewe wangekuchukua." Akanyanyuka akaenda zake. Hajalala kwangu tena.

Basi ujue. Siku ile hakuna aliyesoma namba zako. Ungeweka tarakimu hamsini, ungeweka mia, ungebandika picha ya maua pale ukutani, yule mama angekufa saa ile ile. Wewe hukumgusa. Nimekuandikia kwa wino, nimeweka na dole gumba chini, ili ukitaka kuwapelekea ofisini kwenu wawe na kitu cha kushika. Ukiwapelekea, utarudishwa kazini, maana jedwali halina hatia. Na Redio atafungwa bila maswali, kwa sababu itaonekana alidharau karatasi yenye mhuri akatumia fimbo ya mzee. Usipowapelekea, unabaki nje, na yeye labda hakimu atamhurumia.

Mimi sikwambii ufanye nini. Tangu unaanza kutembea nakwambia ufanye nini, na umeona tulipofika.

Babu yako.